Kituo cha Kulelea Watoto katika Historia ya Vimelea vya Tumbo

Katika historia ndefu ya mapambano dhidi ya vimelea vya tumbo, yaani viumbe vidogo vinavyoishi ndani ya utumbo wa binadamu na kujipatia riziki humo kwa hasara ya mwenyeji wao, mtoto wa miaka miwili au mitatu alichelewa sana kutazamwa. Mchimba mahandaki alitangulia, kwa kuwa ugonjwa wa safura uliozuka mwaka 1880 miongoni mwa wafanyakazi wa handaki la reli la Gotthard katika milima ya Alpi ulihatarisha kazi yenyewe. Mkulima wa mashamba makubwa akafuata, kwa kuwa udhaifu wake ulipunguza mavuno. Kisha akaja mwanafunzi, kwa kuwa shule ilikwisha kumkusanya na wenzake mahali ambapo mganga angeweza kuwafikia wote kwa siku moja. Mtoto mdogo aliyekabidhiwa kwa mlezi asubuhi na kuchukuliwa jioni alibaki katikati, akiwa ameshavuka umri wa kliniki ya watoto wachanga na hajafikia umri wa darasa. Kuchelewa huko hakukusababishwa na ukosefu wa hadubini, wala na uchache wa watoto waliougua. Kulisababishwa na mazoea ya sayansi ya tiba, ambayo ilitafuta chanzo cha vimelea kwanza katika udongo, baadaye katika maji, na baada ya muda mrefu sana katika mikono ya watu.

Kituo cha kulelea watoto mchana ni taasisi changa kuliko shule na kuliko hospitali, nacho ni zao la viwanda. Mwaka 1816 Robert Owen, mwenye viwanda vya nguo vya New Lanark huko Uskoti, alifungua shule iliyopokea hata watoto wadogo waliokuwa wameanza tu kutembea, ili wazazi wao, wanaume kwa wanawake, waweze kukaa kwenye mitambo. Mwaka 1844 Firmin Marbeau alianzisha huko Chaillot, mjini Paris, kituo cha watoto wachanga wa akina mama maskini waliolazimika kufanya kazi, na katika kituo hicho mama aliruhusiwa kurudi mchana kumnyonyesha mwanawe. Mfano huo ulienea upesi katika miji mingine ya Ulaya, na tangu mwanzo ulifuatwa na lawama za baadhi ya waganga walioona kwamba kuwarundika watoto wadogo chumbani ni kuyaalika magonjwa. Hofu yao haikuwa ya bure, ila ilielekezwa pengine: nadharia ya vijidudu ilikuwa bado haijakubaliwa, na tiba ya wakati huo ilikilaumu zaidi kile ilichokiita hewa mbaya, hivyo tahadhari kubwa ilikuwa kufungua madirisha. Nepi, bakuli na viganja vya mlezi havikuwa na nafasi kubwa katika hesabu hiyo.

Hata hivyo, kiumbe ambaye baadaye angekuja kuwa kimelea mashuhuri kuliko vyote katika vituo hivyo alikwisha kuonekana zamani. Antony van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa Delft nchini Uholanzi aliyejitengenezea lenzi zake mwenyewe, aliandika mwaka 1681 kwamba alipokuwa akiharisha alichunguza kinyesi chake na kukuta humo viumbe wadogo waliokwenda huku na huku. Mwaka 1920 mtaalamu wa Kiingereza Clifford Dobell, aliyezisoma barua zake kwa makini, alionyesha kwamba maelezo hayo yanalingana na kiumbe wa seli moja anayeitwa leo jiardia. Mtu wa kwanza kumchora na kumweleza vizuri kiumbe huyo alikuwa Vilém Lambl, mganga wa Kicheki, ambaye mwaka 1859 alimkuta katika kinyesi cha watoto waliotibiwa kwa kuharisha mjini Praha. Inafaa kuzingatiwa kwamba jiardia aliingia katika vitabu vya tiba kupitia kwa watoto wadogo, kisha uhusiano huo ukasahaulika kwa zaidi ya miaka mia moja. Sababu mojawapo ni kwamba wengi wanaobeba jiardia hawaonyeshi dalili yoyote, na mganga anayekikuta kiumbe kile kile katika tumbo la mgonjwa na la mzima huelekea kudhani kwamba ni mpangaji asiye na madhara. Mjadala huo, wa kama jiardia huleta maradhi au hukaa tu, uliendelea hadi katikati ya karne ya 20.

Wakati jiardia akisubiri hukumu yake, macho ya wataalamu yalikuwa kwenye minyoo. Mtu anayeunganisha historia hizo mbili kwa namna ya ajabu ni Charles Wardell Stiles wa Marekani: mwaka 1902 alitambulisha aina ya minyoo ya safura iliyoenea katika majimbo ya kusini ya nchi hiyo, mwaka 1909 akawa nguzo ya tume iliyofadhiliwa na John D. Rockefeller kwa dola milioni 1 ili kuitokomeza, na mwaka 1915 ndiye aliyekipa kimelea cha Lambl jina la kisayansi lililokuja kuzoeleka. Jina hilo alilitoa kama kazi ya mezani. Kampeni ilikuwa ya safura, na kampeni hiyo ndiyo iliyofundisha kizazi kizima cha maofisa wa afya, katika Marekani na baadaye katika makoloni mengi ya nchi za joto, kwamba kupambana na vimelea ni kuchimba vyoo, kuvaa viatu na kugawa dawa.

Somo hilo lilikuwa sahihi kwa minyoo ile, kwa sababu ya jambo ambalo ndilo ufunguo wa historia yote hii, nalo ni muda. Minyoo mikubwa ya mviringo, yaani askarisi, ambayo jike lake moja huweza kutaga mayai 200,000 kwa siku, hutoa mayai yasiyoweza kumwambukiza mtu siku yanapotoka. Ni lazima yakae katika udongo wenye unyevu na kivuli kwa muda wa wiki mbili au tatu ndipo yakomae. Minyoo mjeledi ina hali kama hiyo. Mayai ya minyoo ya safura huanguliwa udongoni, na lava zake hukua kwa siku kadhaa kabla ya kuweza kupenya ngozi ya mguu ulio peku. Kwa minyoo ya namna hiyo chumba chenye sakafu ya saruji, hata kikijaa watoto, si mahali pa hatari sana; hatari iko uani, chini ya mwembe, kwenye kichaka kinachotumiwa kama choo. Sisti za jiardia, yaani hali ya kimelea anapojifunika kwa ganda gumu ili aweze kuishi nje ya mwili, hazihitaji kusubiri kitu. Zinapotoka katika nepi ziko tayari kuambukiza saa ile ile. Ndiyo maana elimu yote iliyokusanywa kwa kufuata safura, pamoja na ubora wake, iliwaacha wataalamu wakiwa hawana zana za kufikiria juu ya chumba cha watoto.

Kulikuwa na onyo moja ambalo lingeweza kuwafungua macho mapema, nalo lilitoka kwa minyoo nyuzi, minyoo midogo myeupe ambayo majike yake hutoka usiku na kutaga maelfu ya mayai kwenye ngozi ya sehemu ya haja kubwa, mayai yanayokomaa kwa saa chache tu. Mtoto hujikuna, mayai hubaki chini ya kucha, na mchezo wa asubuhi huyagawa kwa wenzake. Uchunguzi wa kawaida wa kinyesi hauioni vizuri minyoo hiyo, na ilipofika mwaka 1941 ndipo daktari wa Kimarekani aitwaye Graham alipopendekeza kubandika kipande cha ukanda wa gundi kwenye ngozi hiyo alfajiri na kukitazama kwa hadubini, njia rahisi mno ambayo bado inatumika. Kwa ukanda huo ilidhihirika kwamba minyoo nyuzi imejaa katika nyumba za mayatima, shule za bweni na familia zenye watoto wengi, hata katika nchi tajiri zenye maji ya bomba na vyoo vya kuvuta. Lakini kwa kuwa maradhi yake ni ya kuwasha na kukosesha usingizi, hayakuhesabiwa kuwa mambo makubwa, na somo lake juu ya vidole vya watoto halikuhamishiwa kwa vimelea vingine.

Hukumu ya jiardia ilianza kutolewa mwaka 1954, wakati Robert Rendtorff alipochapisha matokeo ya majaribio aliyofanya kwa wafungwa waliojitolea, majaribio ambayo kamati ya maadili ya leo ingeyatazama kwa jicho kali. Alionyesha kwamba sisti zipatazo 10 tu zikimezwa zinatosha kumwambukiza mtu mzima. Kiasi hicho ni kidogo mno kikilinganishwa na mamilioni ya sisti zinazoweza kutoka katika gramu chache za kinyesi. Hata hivyo, tukio lililowashtua wakubwa lilikuwa la maji: katika majira ya baridi ya 1965 hadi 1966, watalii waliokwenda kuteleza kwenye theluji huko Aspen, Colorado, walirudi makwao wakiharisha, na uchunguzi ukaonyesha kwamba mabomba ya maji machafu yaliyovuja yalikuwa yamechafua visima vya mji. Baadaye wasafiri waliotembelea Leningrad walirudi na ugonjwa huo huo. Kwa hiyo jiardia akatambuliwa hatimaye kuwa kisababishi cha ugonjwa, ila akapewa sifa ya ugonjwa wa msafiri na wa mto wa mlimani.

Wakati huo huo jamii ya Marekani ilikuwa ikibadilika. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya nchi hiyo iligharimia vituo vya kulelea watoto wa akina mama waliofanya kazi viwandani, na vita vilipokwisha fedha hizo zikakatwa; lakini wanawake waliendelea kuingia katika ajira, na katika miaka ya 1960 na 1970 idadi ya watoto wa chini ya miaka mitatu waliohitaji kulelewa nje ya nyumba ikapanda kwa kasi. Desemba 1971 Rais Richard Nixon aliukataa muswada ambao ungeweka mfumo wa malezi ya watoto wa nchi nzima. Kilichobaki ni vituo vya watu binafsi, vya makanisa na vya mitaa, kila jimbo likiwa na kanuni zake. Uamuzi huo wa kisiasa haukuhusu vimelea hata kidogo, lakini unastahili kutajwa katika historia yao, kwa sababu idadi ya watoto kwa kila mlezi, umbali wa beseni la kunawia kutoka meza ya kubadilishia nepi, na uwepo wa mpishi ambaye si mlezi ni mambo yanayoamuliwa na kanuni na fedha.

Mwaka 1977 Robert Black na wenzake walichapisha uchunguzi wao kutoka vituo vya jimbo la Georgia. Walikuta kwamba watoto wadogo wa vituo hivyo walikuwa na jiardia kwa kiwango kilichozidi mara nyingi kile cha watoto wa umri wao waliolelewa nyumbani, na kwamba maambukizi hayakuweza kuelezwa kwa maji wala kwa chakula kutoka chanzo kimoja, bali yalipita kutoka mtu hadi mtu. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale wa baina ya mwaka mmoja na mitatu. Umri huo una mantiki yake: mtoto mchanga hukaa mahali alipolazwa, na mtoto wa miaka minne anajua kwenda chooni, lakini yule wa katikati anatembea, anatia kila kitu mdomoni, na bado anavaa nepi. Mwaka 1981 kundi hilo hilo lilitoa matokeo ya jaribio la kuwafundisha walezi na watoto kunawa mikono kwa utaratibu na kuwafuatilia kuhakikisha kwamba wanafanya hivyo. Kuharisha katika vituo hivyo kulishuka hadi karibu nusu ya kiwango cha vituo vilivyolinganishwa navyo. Ni vigumu kutaja katika tiba ya watoto jaribio jingine lenye gharama ndogo kiasi hicho na matokeo yaliyo wazi kiasi hicho.

Miaka ya 1980 ilileta tafiti nyingi, nyingine zikitoka Houston, Texas, ambako Larry Pickering na wenzake waliwafuatilia watoto wa vituo kwa miezi mingi, na kwa pamoja zikaeleza yale yanayoitwa katika epidemiolojia visababishi vya hatari, yaani hali ambazo zikiwepo uwezekano wa kuambukizwa huongezeka. Wingi wa watoto wenye nepi katika kundi moja ulikuwa na uzito mkubwa kuliko ukubwa wa kituo chenyewe. Kuchanganywa kwa watoto wa nepi na wale wakubwa kulivieneza vimelea hadi kwa watoto ambao peke yao wasingekuwa na hatari kubwa. Baya zaidi lilikuwa jambo lililofanyika kwa ajili ya kubana matumizi: mlezi yule yule aliyebadilisha nepi ndiye aliyetayarisha na kugawa chakula, na vituo vya namna hiyo vilionyesha kuharisha kwingi zaidi kuliko vile vilivyotenganisha kazi hizo mbili. Tena ugonjwa haukuishia kituoni. Walezi wenyewe, wazazi na ndugu nyumbani waliambukizwa, na mtoto asiye na dalili yoyote aliweza kutoa sisti kwa miezi.

Swali lililofuata lilikuwa gumu. Je, mtoto mzima mwenye jiardia afukuzwe kituoni hadi atakapopona? Jaribio lililochapishwa mwaka 1991 kutoka Arizona lililinganisha mkakati mkali wa kuwapima wote, kuwatoa na kuwatibu walioambukizwa, na mkakati mpole wa kuwashughulikia wenye dalili tu. Miezi michache baadaye mkakati mkali haukuonyesha faida, kwa sababu kituo hupokea watoto wapya kila mara, na baadhi yao huja na kimelea. Mzazi aliyepoteza siku za kazi kwa kukaa na mtoto asiyeumwa alikuwa amelipia kitu ambacho hakikuwepo. Wakati huo kimelea kingine, kriptosporidiamu, ambacho kilielezwa kwa panya na Ernest Tyzzer mwaka 1907 lakini hakikutambuliwa kwa binadamu hadi 1976, kilikuwa kimekwisha kujionyesha katika vituo vya majimbo kadhaa ya Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nacho ni kigumu zaidi, kwa kuwa klorini inayotosha kuua bakteria majini haikiui.

Afrika Mashariki ilipokea elimu hii kwa mpangilio tofauti, na kwa sababu zinazoeleweka ilianza na udongo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya nchini Tanzania, iliyotumia redio, vijitabu na vikundi vya masomo vilivyokusanya watu wazima wapatao milioni 2, ilifundisha juu ya malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu, na ikaacha vyoo vingi vipya vijijini. Katika miaka hiyo hiyo vijiji vya ujamaa na matawi ya Umoja wa Wanawake wa Tanzania vilikuwa vikianzisha vituo vya kulelea watoto ili akina mama wafanye kazi za shamba, na mwaka 1981 vituo hivyo vikapata sheria yao, ambayo baadaye ilimezwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Historia ya choo cha kijiji na historia ya kituo cha watoto zilikwenda sambamba bila kukutana: kampeni ilimsemesha mtu mzima anayechimba choo, ilhali mtoto wa chekechea huliogopa tundu la choo cha shimo, na kinyesi chake, ambacho katika kaya nyingi kiliaminika kuwa hakina madhara, kilitupwa uani.

Kisha zikaja dawa. Kisiwani Pemba tafiti za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba karibu kila mtoto wa shule alikuwa na aina moja au zaidi ya minyoo, na ikathibitishwa kwamba safura ilichangia sana upungufu wa damu. Kutokana na kazi hiyo, na ile ya maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000, kisiwa hicho kilikuwa miongoni mwa mahali palipoipa dunia ushahidi wa kugawa dawa za minyoo mashuleni. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka lengo la kuwafikia angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio hatarini ifikapo 2010. Kwa watoto wadogo zaidi kulikuwa na kusitasita, kwani wataalamu wengi waliogopa kumpa dawa mtoto wa chini ya miaka miwili, hadi mashauriano ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002 yalipopendekeza kwamba dawa zinaweza kuanza kutolewa tangu miezi 12. Utafiti uliofanywa Pemba kwa watoto wasiofikia umri wa shule ulikuwa umeanza kuonyesha kwamba hata minyoo michache ina athari kwa hamu ya kula na lishe ya mtoto mdogo. Kenya ilipoanzisha programu yake ya kitaifa mwaka 2012, madarasa ya awali nayo yalijumuishwa.

Lakini dozi moja ya dawa ya minyoo albendazole, inayotosha kwa askarisi, haimwondoi jiardia, ambaye kwa dawa hiyo huhitaji matibabu ya siku kadhaa, na haifanyi lolote kwa kriptosporidiamu. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe amekwisha kupewa dawa ya minyoo huamini kwamba tumbo limesafishwa, na kituo kinachohesabu vidonge huweza kusahau kuhesabu sabuni. Utafiti mkubwa wa nchi saba uliochapishwa mwaka 2013, ambao Siaya, magharibi mwa Kenya, ilikuwa mojawapo ya maeneo yake, uliiweka kriptosporidiamu ya pili baada ya rotavirusi miongoni mwa visababishi vya kuharisha kukali kwa watoto wachanga, na wakati huo huo ukashindwa kumhusisha jiardia na kuharisha huko, jambo lililofufua mjadala wa zamani wa kama jiardia huleta maradhi au hukaa tu. Utafiti mwingine uliowafuata watoto tangu kuzaliwa katika nchi nane, Haydom ya kaskazini mwa Tanzania ikiwa miongoni mwake, ulijibu kwa upande mwingine: mtoto anayekaa na jiardia katika miezi ya mwanzo ya maisha huwa mfupi zaidi afikapo miaka miwili, hata kama hakuharisha.

Watoto hao wa Haydom waliambukizwa katika mazingira ya nyumbani kwao, na hapo ndipo orodha ya visababishi vya hatari iliyotungwa Marekani inapohitaji kusomwa kwa uangalifu. Kuhudhuria kituo kulijitokeza kuwa hatari kubwa huko Georgia kwa sababu nyumba zilizolinganishwa na kituo zilikuwa na maji ya bomba, choo cha kuvuta na watoto wachache. Mahali ambapo nyumba inachota maji kwa ndoo, sakafu ni ya udongo, choo ni cha kaya kadhaa na mifugo hulala karibu na watu, tofauti kati ya mtoto wa kituoni na wa nyumbani hupungua, na mambo mengine ndiyo yanayoonekana katika takwimu: chanzo cha maji, aina ya sakafu, elimu ya mama, idadi ya watu wanaolala chumba kimoja. Katika mitaa ya Nairobi au Dar es Salaam ambako mama mmoja huwalea watoto wa majirani katika chumba chake kwa malipo ya siku, hali zote mbili hukutana, wingi wa nepi wa Georgia na uhaba wa maji wa kijijini. Lakini kituo kilichounganishwa na bomba, chenye beseni linalofikiwa na mtoto na mpishi asiyegusa nepi, huweza kuwa mahali salama kuliko nyumba ambayo mtoto huyo aliondoka asubuhi.